Ramani ya Lydia na Watu wa Dungu

Lydia Komora alizaliwa Idsowe, kijiji cha kando ya mto Tana, akasomea Idsowe, na mama yake husema sauti yake ndiyo iliyotangulia kuzaliwa, yeye akafuata baadaye. Tangu darasa la saba ndiye msomaji wa matangazo kanisani. Tangazo la mbuzi aliyepotea akilisoma Lydia huanza na shukrani kwa wazee, hupitia hali ya barabara ya Garsen, hugusa tabia za vijana wa siku hizi, na mbuzi mwenyewe hutajwa watu wameshasimama kwa wimbo wa mwisho. Watu humcheka. Lakini siku akisoma mtu mwingine, hurudi nyumbani wakilalamika kwamba ibada ilipooza.

Kidato cha nne alimaliza na alama ambazo yeye huziita za wastani, kwa sauti inayomfanya muulizaji ageukie habari nyingine. Aliuza viatu vya mitumba kidogo, akafanya kazi miezi miwili kwenye saiba moja ya Garsen akichapa barua za watu na kuzirefusha bila kuombwa, kisha akarudi nyumbani kulima mpunga na ndizi kama kila mtu. Akiwa na miaka ishirini na mitatu bado alikuwa anatafuta mahali pa kuipeleka ile sauti. Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza kwamba linawataka wasichana wa Tana Delta na majirani zake, liwafundishe uongozi ili wakasimame na watu wasiosikilizwa na yeyote, Lydia alijaza fomu siku hiyo hiyo na kuomba karatasi ya ziada.

Mafunzo yalikuwa Garsen, kila Jumatatu na Jumatano, kwa wiki nane. Kikwazo kilikuwa kimoja tu nacho kidogo: mpunga wa kwao ulikuwa umeanza kutia maziwa, na zamu ya kukaa shambani kufukuza ndege ilikuwa yake. Hilo alilimaliza kwa dakika moja. Alimwendea shangazi yake Teresia, dada wa baba, ambaye mguu wake mmoja uliharibiwa na polio akiwa mtoto na ambaye alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ndogo upande wa pili wa boma lao.

"Shangazi, utanisaidia na ndege kidogo? Mimi naenda kusomea uongozi."

"Uongozi wa nani?" Teresia akauliza.

"Wa watu waliosahauliwa."

"Haya, nenda," akasema shangazi, akachukua gongo lake na kuelekea shambani.

Huko Garsen, mkufunzi alikuwa Bi Mwanasiti, mama wa Kau, mfupi, mpole, mwenye Kiswahili cha kule mto unakoingilia baharini, kitamu hata kikiwa kinakukaripia. Alikuwa na neno moja alilolitumia kama fimbo. Msichana akisimama na kusema jambo lolote kuhusu watu, yeye huuliza, "Nani kakwambia?" Siku ya kwanza Lydia alisimama akaeleza kwa dakika kumi na mbili mahitaji yote ya watu wenye ulemavu katika Tana Delta.

"Maneno mazuri, mwanangu," akasema Bi Mwanasiti. "Nani kakwambia?"

"Hiyo inajulikana, madam."

"Yajulikana na nani?"

Lydia akakaa, akaandika kwenye daftari lake kwamba mkufunzi ana maswali mazuri, kisha akaendelea kuwa vile vile alivyokuwa. Aliyeketi karibu naye, Zamzam wa Bangale, msichana mwembamba wa familia ya wafugaji aliyefikia kwa binamu yake pale Garsen, alicheka ndani ya mtandio wake mpaka mabega yakatetemeka.

Wiki ya tano wakapewa kazi. Kila msichana aende kwao, atafute watu ambao sauti yao haifiki mahali, akae nao, na arudi na jambo moja wanalolitaka wao. Kwa wasichana wa Idsowe, yaani Lydia peke yake, jambo lilikuwa tayari limeshika moto. Shirika lilikuwa linaleta boti ya injini ya kuokolea watu wakati wa mafuriko, na ingekaa Idsowe. Kamati ya maafa ilitaka ramani ya kijiji inayoonyesha watu wasioweza kukimbia wanapatikana wapi, ili boti iwaendee hao kwanza. Ramani ingesomwa mbele ya kamati Ijumaa ya mwisho ya mafunzo, siku ile ile ya kutoa vyeti, na njia itakayopangwa siku hiyo ndiyo boti ingeifuata. Miaka miwili nyuma, katika mafuriko makubwa, Idsowe ilikuwa imehamia juu ya lami na kulala humo wiki nyingi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya boti.

Lydia aliichora ramani kwa jioni moja, na kusema kweli ilipendeza. Mto aliupaka buluu, barabara nyeusi, kanisa akalitia msalaba na hata kivuli. Halafu akachora nyumba saba, akazipaka nyekundu, na kando ya kila moja akaandika jina: Teresia mwenye mguu, Job asiyesikia, Mzee Zadock asiyeona, na wengine wanne. Hakuuliza mtu. Angeuliza nini na yeye ni mwenyeji, nyumba zote anazijua kwa milango yake? Lakini Bi Mwanasiti alikuwa ameshasema kwamba ramani bila watu wenyewe haipokelewi, lazima wakae kikao na kutia sahihi au kidole. Basi Lydia akaitisha mkutano kanisani, Jumanne saa nne asubuhi.

Alipanga viti kwa duara kama walivyofundishwa, akabandika karatasi kubwa ukutani, akaweka fomu ya mahudhurio mlangoni na kalamu imefungwa kwa uzi. Wote saba alikuwa amewaalika mwenyewe. Shangazi Teresia alimjibu, "Nitakuja nikipata mtu wa kukaa na ndege." Lydia akasema, "Sawa shangazi," akaenda kufagia kanisa.

Saa nne ilipita. Saa tano alikuja mama mmoja akauliza kama unga umeletwa, akaambiwa hapana, akaondoka bila kuaga. Saa sita Lydia alikuwa amekaa katikati ya duara lake peke yake, akivifariji viti.

Hakukata tamaa. Mkutano wa pili akauita Alhamisi, saa zile zile, na safari hii alimtumia Josiah, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na pikipiki inayong'aa. Josiah alizunguka kijiji kizima akitangaza, na siku ilipofika alikuwa yeye na Lydia na viti kumi na viwili. Wakangoja. Josiah akafungua gazeti la wiki iliyopita akalisoma mpaka ukurasa wa michezo.

"Hawa watu hawajali," akasema mwishowe. "Unawaletea boti mpaka mlangoni, hata kuja kukaa hawataki. Andika hivyo kwenye ripoti, ndio ukweli."

Na ninyi msimwonee huruma sana Lydia, maana kweli alianza kuliandika. Alifika kwenye neno "mwamko" na "mdogo" kabla ya simu kulia. Alikuwa Zamzam, anataka kujua kazi inaendaje. Lydia akamwaga yote: viti, karatasi, mama wa unga, Josiah na gazeti lake.

"Mkutano wewe unafanya wapi?" akauliza Zamzam.

"Kanisani."

"Na hao watu mchana wako wapi?"

"Wako..." akasema Lydia, kisha akanyamaza, jambo ambalo Zamzam hakuwahi kulisikia tangu wajuane.

"Sisi kwetu mkutano unafuata ng'ombe," Zamzam akaendelea. "Watu wako malisho, wewe unaenda malisho. Ukiita watu bomani saa nne, unapata paka tu."

Watu walikuwa wapi? Lydia alilijua jibu kama mtu anavyojua miwani iko wapi wakati ameivaa. Mpunga ukianza kukomaa, ndege wadogo hushuka kwa maelfu, na shamba lisilokuwa na mtu kutoka alfajiri hadi jua kutua huvunwa na wao. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, jukwaa refu la miti lenye kipaa cha nyasi, na juu yake hukaa mtu wa kuamia ndege, ana kombeo, ana madonge ya udongo, ana kamba iliyofungwa makopo ya kutikisa. Ni kazi ya kukaa. Wenye miguu na macho na masikio kamili huenda kulima, kuvua, kufanya biashara Garsen, na juu ya dungu hupandishwa mtu ambaye nyumbani wanaona hana kazi nyingine ya kufanya. Job asiyesikia huamia ndege. Mzee Zadock haoni, lakini huvuta kamba ya makopo siku nzima kwa kusikia mabawa. Na Lydia mwenyewe alikuwa amempandisha shangazi yake kule, akaenda Garsen kujifunza namna ya kumsaidia.

Alikwenda shambani na ramani yake imeviringwa kwapani. Jua lilikuwa kali, na alimsikia shangazi kabla ya kumwona, akiwatukana ndege kwa Kipokomo, kwa utulivu, kama mtu anayesoma orodha. Gongo lilikuwa limeegemezwa chini ya dungu. Teresia alipanda kwa mikono, siku zote, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya Josiah na pikipiki yake.

"Kiongozi," akaita kutoka juu. "Umekuja kuniletea chai au umekuja kuniletea mkutano?"

"Mkutano, shangazi."

"Chai ingekuwa bora. Panda."

Lydia akapanda, akaifungua ramani juu ya magoti yao. Teresia aliitazama kwa muda mrefu. Aligusa mto, akagusa kanisa, akakisifia kivuli chake. Halafu akaweka kidole kwenye nyumba nyekundu yenye jina lake.

"Hii nyumba yangu. Umeipaka rangi nzuri," akasema. "Na mimi niko wapi?"

Lydia akalitafuta shamba kwenye ramani. Hakulichora.

"Siku ile ya maji," Teresia akaendelea, huku akitia donge kwenye kombeo, "ulikuja nyumbani kunichukua, sivyo? Mama yako alikutuma."

"Nilikuja, shangazi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nikajua Josiah ameshakuchukua na pikipiki."

"Na Josiah alikuja, akaona mlango umefungwa kwa kamba, akajua umeshanichukua wewe. Ulimkuta kuku wangu."

"Nilimchukua kuku," akasema Lydia, na sauti yake, ile inayojaza kanisa, haikuvuka hata upana wa dungu.

"Ulimchukua. Walinihadithia. Ulifika naye kwenye lami umemkumbatia, unamwambia kila mtu usiogope, kuku wa shangazi yuko salama." Akarusha donge, ndege wakainuka. "Alikuwa kuku mzuri. Mimi nilikaa hapa siku mbili na usiku mmoja, nikila mpunga mbichi. Nyoka mmoja alipanda tukakaa naye, yeye upande wake, mimi upande wangu. Mpaka wavuvi wakapita."

Miaka miwili Lydia alikuwa ameishi na hadithi hiyo akiijua upande mmoja tu, ule wa kwamba shangazi alichelewa kuokolewa. Hakuwahi kuuliza alikuwa wapi. Sasa aliona aibu ya kweli, na aibu ya pili ilikuwa kwamba alichora ramani nzima ya kurudia kosa lile lile, kwa rangi nyekundu. Akalia. Shangazi alimwacha alie kwa muda unaostahili, kisha akampa kamba ya makopo.

"Lia huku unatikisa," akasema. "Ndege hawana habari."

Kwa siku tatu zilizofuata Lydia alizunguka mashambani, akapanda dungu moja baada ya jingine. Alipanda vibaya, mara moja alishuka kwa mgongo, na Mzee Zadock, ambaye haoni, akamwambia amesikia vizuri jinsi alivyoshuka. Fomu ya mahudhurio ilijaa vidole vya udongo. Job alimchorea kwa kijiti mahali maji yanapotokea. Kumbe hayatoki mbele, kule kila mtu anakotazama. Hutangulia kujaa nyuma ya mashamba, kwenye mkondo wa zamani wa mto, na kuyakata mashamba na kijiji kabla mtu wa kijijini hajalowa kisigino. Ramani mpya ilikuwa na matope na haikuwa na kivuli cha kanisa. Nyumba nyekundu ziliondoka, na madungu saba yakaingia.

Jumatano jioni aliipeleka kwa shangazi kwa fahari, pamoja na hotuba ya kurasa nne.

"Na Ijumaa nani anasema?" akauliza Teresia.

"Mimi, shangazi. Ndiyo kazi niliyofundishwa."

"Wakikuuliza kutoka maji yaonekane kwenye mkondo mpaka yamfikie Job ni saa ngapi, utawaambia nini?"

"Nitawaambia..." Lydia akatazama kurasa zake nne. Haikuwamo.

"Na ukizuia boti isipite kwenye shamba la mama Pauline kwa sababu kuna visiki chini, utajuaje viko wapi?"

"Basi twende wote wawili."

"Na huu mpunga?" Shangazi alinyoosha mkono. Mpunga ulikuwa umeinama, wa dhahabu, siku nne kabla ya kuvunwa. Baba alikuwa kwenye uvuvi, mama alikuwa na homa. Siku moja bila mtu, na chakula cha nyumba mbili kingeruka juu kwa mabawa. Lydia alilijua jibu, ila hakulitaka. Ijumaa ilikuwa na jukwaa, maiki, wazee wa kamati, mpiga picha, na cheti chenye jina lake. Alikuwa ameshashonesha nguo. Usiku ule alikasirika na kila mtu, pamoja na ndege, na asubuhi akaamka amekasirika bado, akaenda kwa shangazi akamwambia kwa midomo iliyobana, "Ijumaa wewe nenda. Mimi nitakaa."

"Hiyo nguo mpya utaivaa shambani?" akauliza Teresia. "Ndege watafurahi."

Ijumaa Lydia alikuwa juu ya dungu kabla ya jua. Kufikia saa tatu mkono wa kombeo ulikuwa umekufa ganzi. Kufikia saa tano sauti ilikuwa imekauka; sauti ya kanisa zima ilishindwa na ndege wenye uzito wa karanga. Saa nane, kwa kukosa mtu mwingine, aliwasomea hotuba yake yote, kurasa nne, na kundi moja kubwa likatua wakati wa utangulizi na kula mpaka kwenye hitimisho. Njaa na choo vilimfunza mambo mawili ambayo hayakuwamo katika wiki nane za mafunzo. Akiwa pale juu aliona jinsi kijiji kilivyo mbali, moshi tu na paa chache za mabati, na kwamba akipiga kelele hakuna atakayemsikia. Hilo lilimtia woga hata mchana ule wa jua.

Teresia alirudi jua linaelekea kutua, kwenye bodaboda, kitenge cha kanisani kimejaa vumbi. Alishuka, akachukua gongo, na kabla ya salamu akaingia mpunga na kukagua.

"Upande huu wamekula."

"Shangazi, mkutano umekwendaje?"

"Wamekula sana upande huu." Akafika chini ya dungu, akajiegemeza. "Josiah alisema boti ianze kijijini, maana watu wa kijijini ni wengi. Nikamwambia watu wa kijijini wana miguu, na wewe Josiah una miguu na pikipiki. Wakacheka, naye akacheka baada yao. Halafu wakaniuliza habari ya maji, nikawaeleza mpaka chai ikapoa. Wamekubali. Boti inaanza mashambani, inapita kwa mkondo wa zamani."

Lydia akafunga macho. Alitaka kufurahi tu, lakini sehemu yake moja, ndogo na yenye kelele, ilikuwa bado inataka kujua habari ya cheti.

"Kuna jingine," akasema Teresia. "Wanataka mtu wa kujua kila siku nani yuko kwenye dungu gani, maana watu hubadilishana. Mtu huyo ndiye atakayempigia nahodha. Wamenipa mimi. Nikawaambia kuandika siwezi vizuri, lakini nina mtoto wa kaka yangu anayeandika mpaka kupita kiasi, nitamchukua awe karani wangu."

"Na cheti changu?"

"Bi Mwanasiti amebaki nacho. Aliuliza Lydia yuko wapi, nikamwambia yuko kazini. Amefurahi sana, sijui kwa nini. Amesema atakuletea mwenyewe."

Miezi minne ikapita. Cheti kilikuja, kikatundikwa. Mpunga wa pili ulikuwa mashambani, umeanza kutia maziwa, wakati maji ya bara yalipoteremka. Idsowe haikupata hata tone. Jua lilikuwa linawaka na nguo zilikuwa kwenye kamba, na mto ukaanza kupanda kwa mvua za watu wengine. Teresia aliona mkondo wa zamani unang'aa mahali usipopaswa kung'aa, akapiga simu kutoka juu ya dungu. Nusu saa baadaye boti ilikuwa majini, Sadiq wa Kipini ameshika injini na Lydia ameketi mbele na daftari la karani.

Walimchukua Teresia kwanza kwa sababu dungu lake lilikuwa njiani. Lydia alikuwa ametayarisha maneno ya kumwambia siku kama hiyo ikija, lakini shangazi aliteremka kwa mikono, akakaa, akaanza kutoa amri. Kushoto, kuna visiki. Zima injini, sukuma kwa pondo. Wakampata Mzee Zadock, ambaye alitaka kujua kwanza kama nahodha ana leseni. Wakawapata wengine wanne. Kwenye dungu la Job hapakuwa na mtu, makopo tu yanacheza kwenye kamba.

"Ameshuka huyu, ameshakwenda kijijini," akasema Sadiq. Simu yake ilikuwa inalia. Josiah, kwenye lami, anauliza boti iko wapi, kuna magodoro ya kubebwa. "Sita washaingia, na maji yazidi kuja. Turudini."

Lydia alitazama daftari. Dungu la nne, Job. Mtu hayupo. Na kwa dakika nzima akili yake ilimpa jibu lile la zamani, jepesi, kwamba bila shaka kuna mtu ameshamchukua. Aliona jinsi lilivyo jibu la kupendeza, akaogopa.

"Shangazi," akasema, "Job yuko wapi?"

"Mke wa jirani yake amejifungua jana," akasema Teresia. "Job anawakalia shamba lao, lile la mwisho kabisa, kwenye kona ya msitu. Alinionyesha kwa mikono asubuhi akipita. Bado mmoja, Sadiq."

"Mama, kule mbali. Na magodoro je?"

"Magodoro yanaelea. Geuza."

Sadiq akageuza. Walipita juu ya mpunga uliozama, mashuke yakisugua ubavu wa boti. Lydia alikuwa amelishika daftari kwa mikono miwili, midomo imebana, akiyatazama maji yanavyopanda kwenye nguzo za kila dungu walilolipita. Kwenye kona ya msitu wakamwona. Job alikuwa amewapa mgongo. Chini yake lilikuwa ziwa, na yeye alikuwa ameelekea upande wa juu wa shamba, ambako mistari michache ya mpunga ilikuwa bado imesimama nje ya maji, akiilinda kwa kombeo dhidi ya ndege kama alivyoagizwa.

Lydia akasimama, akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote, na sauti ile ikavuka maji ikagonga miti na kurudi. Job akatia donge jingine kwenye kombeo.

"Hasikii, mwanangu," akasema Teresia kwa upole. "Kaa chini, boti inayumba."

Akakwangua tope lililoingia botini na miguu ya watu, akalifinyanga kiganjani, akapima, akalirusha. Likampata Job katikati ya mgongo. Akageuka kwa hasira ya mtu aliyechezewa kazini, akaona boti, akaona watu saba na nahodha, kisha akatazama chini ya dungu lake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Halafu akaanza kushuka, nguzo kwa nguzo, na Lydia akasogea mpaka ukingoni kumpa mkono.